Treni ya Aprili

Nafasi 3, waombaji zaidi ya 1,800. Ungedhani ni tangazo la ajira la kwetu, kumbe ni la mji wa Takarazuka, mkoa wa Hyogo, Japani, mwaka 2019. Halmashauri ilitaka watumishi wa umri wa miaka 36 hadi 45, maombi yakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Mwishowe wakachukuliwa 4.

Umri ule haukuwekwa kwa bahati. Ndio wale Wajapani wanaowaita kizazi cha zama za barafu za ajira: waliomaliza masomo kati ya mwanzo wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000, baada ya bei za hisa na viwanja kuporomoka. Huku kwetu kijana akikosa kazi mwaka huu anaendelea kutembeza bahasha. Mwakani huenda mlango ukafunguka. Kule haikuwa hivyo. Kampuni kubwa huajiri wahitimu kwa mkupuo. Mwanafunzi husaka kazi akiwa bado chuoni, ndani ya suti nyeusi isiyotofautiana na za wenzake, na tarehe 1 Aprili anaripoti kazini. Zamani akishaingia ameingia, hadi kustaafu, mshahara ukipanda kadiri anavyokula chumvi. Aliyeachwa na treni hiyo hakuwa na nyingine ya kungojea: mwaka uliofuata kampuni zilitaka wahitimu wapya, naye alishakuwa kiporo. Neno kali, najua, lakini sioni jingine.

Walioachwa wakaangukia vibarua na mikataba ya muda kupitia mawakala. Sheria nayo ikalegezwa: 1999 mawakala wakaruhusiwa kupeleka watu katika kazi nyingi, 2004 hadi viwandani. Leo zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa wa Japani hawana ajira ya kudumu.

Ndiyo maana hunikera kusikia eti Wajapani wamegoma kuzaa kwa ubinafsi, au wanapenda simu kuliko watu. Kule watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni kama 2 tu katika kila 100. Bila ndoa hakuna mtoto, na mwanamume asiye na kazi ya kueleweka huoa kwa shida. Mkwe gani atampokea? Mwaka 2024 walizaliwa watoto kama 686,000, mara ya kwanza idadi kushuka chini ya 700,000. Serikali imeongeza posho za watoto. Sawa, ila posho ya mtoto haimfikii aliyeshindwa kuoa, na msichana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 2000 sasa ni mwanamke wa makamo.

Kinachouma ni kwamba siku hizi kampuni ndizo zinazolia kukosa watu. Wahitimu wa vyuo vikuu wa Machi 2024 waliotaka kazi, asilimia 98 waliipata, na mishahara ya kuanzia inapandishwa ili kuwavuta. Wa zama za barafu hawaitwi. Baadhi wamejifungia: mwaka 2019 serikali ilikadiria kuwa watu 613,000 wa miaka 40 hadi 64 wanaishi kwa kujitenga na jamii. Nyumba za namna hiyo zina jina kabisa, "themanini-hamsini". Mzazi wa miaka 80 na ushei, mtoto wa 50 na ushei, na pensheni moja, ya mzazi.