Kuku wa Boksi Akae Kitini, Mgongo Wazi Uende Buti?

Ijumaa jioni nilipanda matatu ya Chavakali pale Kondele, Kisumu, mkononi nina mgongo wazi mmoja, yaani kichwa na mifupa ya mbuta (sangara) baada ya minofu kutolewa, uliokaangwa na kufungwa gazetini, ungali moto, mafuta yanachora ramani juu ya picha ya mheshimiwa fulani. Sijakaa vizuri, mama aliyekuwa kiti cha mbele yangu akavuta hewa, akageuka, akaniangalia kuanzia viatu. "Makanga, hii gari inabeba watu ama takataka?" Makanga, kijana asiye na msimamo wake, akanigeukia: "Anti, hiyo kitu si uweke tu buti."

Mama mwenyewe, tafadhalini, alikuwa amepakata boksi la kuku na chipsi. Wazi. Matatu nzima ilinuka vinega. Hakuna aliyeliita boksi takataka.

Buti sikuweka. Niliukumbatia mgongo wangu kama mtoto wa siku nane, na makala haya nimeyatunga nikiwa nimenuna.

Tuelewane kwanza. Sisemi mgongo wazi ni chakula cha afya. Mgongo wazi ni uroho, na uroho wangu siuombei radhi. Siuli kwa njaa, wala si kwamba nimekosa pesa za ngege mzima, yaani tilapia. Wengine wana keki zao, wengine wana aiskrimu. Mimi wiki nzima ofisini nawaza mifupa ya mbuta.

Na ina utaratibu wake. Unaanza na mapezi, yale yaliyokaangwa hadi yanavunjika kwa sauti, chumvi imeingia kotekote. Halafu mbavu: huko kisu cha kiwandani kilikuwa na haraka, kikasahau nyama hapa na pale, na ndiyo nyama tamu kuliko yote iliyotoka ndani ya samaki yule. Unakamulia ndimu, unachovya pilipili. Kichwa ni cha mwisho. Kuna kipande kule shavuni, laini, kinatoka kizima ukikibembeleza kwa kidole, kuna jicho, kuna vile vijishimo vya kufyonza. Mtu akikuita wakati huo hujamsikia.

Mama karanga wangu, yule anayenikaangia samaki, yuko mtaa wa Obunga. Akiniona na mkoba wa kazini anajua ni Ijumaa. "Nyathina," yaani mwanangu, "leo nimekufichia kichwa kikubwa." Hajawahi kunidanganya, ingawa chenji yangu ya juzi bado anayo.

Na jina lenyewe, aliyelitunga alikuwa mtu wa utani: samaki amevalishwa gauni la mgongo wazi, sema tu nyama ya kuonyesha imekwisha kwenda zake.

Imekwenda wapi? Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, akawatafuna fulu, samaki wetu wadogo, hadi wengi wao wakatoweka, na kufikia miaka ya 1980 yeye ndiye alikuwa bwana wa maji. Viwanda vikaja. Minofu ikawekwa kwenye barafu, ikapelekwa Ulaya. Kile kibofu chake cha hewa, ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita bondo, kikaenda Uchina kwa bei ambayo mvuvi hata hapendi kuitaja. Kwetu sisi tuliomlishia samaki huyo ziwa zima pakabaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Sehemu kubwa ya uzito wa samaki, hesabu vizuri, na bado kinaitwa kilichobaki.

Mimi nasema Wazungu walipunjwa. Minofu mitupu ya mbuta, bila mfupa wala ngozi, nimeila mara moja katika semina ya watu wakubwa. Ilikuwa kama kutafuna pamba iliyopitishwa karibu na samaki. Walichukua minofu, wakatuachia utamu.

Lakini sicheki sana, kwa sababu hata huo utamu tunanyang'anywa. Wanawake wanaoamka kwenda kutafuta mifupa siku hizi wanashindana na wenye viwanda vya chakula cha mifugo, wanaoisaga kwa ajili ya kuku. Mbuta nao wamepungua ziwani. Mama yangu wa karai kuna siku ananiambia, "Leo hakuna, nyathina," karai limefunikwa kifudifudi, jiko halina hata moshi, na watoto wake wanasubiri karo ya karai hilohilo. Kwa hiyo yule mama wa matatu, na boksi lake, huenda alikuwa anakula kuku aliyenenepeshwa kwa mgongo wangu. Halafu ni mimi niende buti!

Na msinisingizie kumchukia kuku. Mimi ni Mluhya. Ingokho ikiletwa mezani naketi wima. Ila ingokho ni jogoo aliyetafuta maisha yake uani, amefukuzwa na watoto wawili na mbwa mmoja, si yule wa wiki sita aliyelelewa chini ya balbu.

Haya, mafuta. Nilijua mtaleta mafuta. Ni kweli, kuna karai ambazo mafuta yake yamekuwa meusi kama oili ya lori, na ukila hapo moyo unakulipisha usiku. Chagua karai lako. Chumvi nayo ni nyingi, sawa, presha ipo, sawa. Nimekubali, tuendelee.

Smoki pasua, ile soseji ya kupasuliwa, ni tamu, lakini nusu yake ni kachumbari. KDF, lile andazi gumu la mtaani, ni ya kutuliza tumbo, si ya kupendwa. Chipsi sizisemi vibaya, shemeji yangu analima viazi vya shangi Molo, ingawa bado nacheka nikikumbuka Januari 2022, KFC walipoishiwa chipsi nchini kwa sababu shehena ya viazi imechelewa safarini. Viazi! Kenya hii! Karai la Obunga likikosa samaki, angalau tunajua samaki wenyewe wamekwenda wapi.

Kiboswa, mama alishuka. Aliacha boksi lake chini ya kiti, mifupa ya kuku ndani, tishu yenye mafuta juu. Makanga akalipiga teke likaishia mlangoni, hakusema neno kuhusu takataka. Kisha akaja akainama karibu na kiti changu, sauti chini kama mtu anayekopa.

"Anti, mkia umebaki?"

Nilimwambia auangalie kwenye buti.