Katibu wa Kamati na Kinasa Sauti: Bunge la Nevada Lishike Kipi?

Kila mwaka wa witiri, Jumatatu ya kwanza ya Februari, Carson City hufurika watu. Huu ni mji mdogo, lakini ndio makao makuu ya jimbo la Nevada nchini Marekani, na siku hiyo Bunge la jimbo hufunguliwa. Wajumbe ni 63 tu, 42 wa baraza la chini na 21 wa Seneti, na Katiba imewapa siku 120 kumaliza kila kitu: bajeti, shule, magereza, maji, kamari. Wakishaondoka hawarudi hadi mwaka wa pili, labda waitwe kwa kikao maalumu. Ndiyo maana pamoja na wabunge huajiriwa watumishi wa msimu, na miongoni mwao wamo makatibu wa kamati, wenye kazi ya kuandika kumbukumbu za kila kikao.

Je, kazi hiyo bado ina haja? Vikao vya kamati vinarushwa mtandaoni moja kwa moja, na programu za kompyuta zinageuza sauti kuwa maandishi kwa dakika chache. Jimbo la Washington lina kituo chake cha TVW, kinachoonyesha shughuli za Bunge tangu 1995. Anayetaka kujua kilichosemwa kamatini humo aghalabu huketi akasikiliza rekodi mwenyewe. Kwa nini Nevada imlipe mtu aandike kilichokwisha kunaswa?

Kabla ya kujibu, tuzitazame kumbukumbu zenyewe. Zinaanza kwa kueleza mwenyekiti alifungua kikao saa ngapi, tarehe gani, katika chumba kipi. Hufuata majina ya wajumbe waliokuwapo na waliokosekana, watumishi, na wananchi waliotoa maoni, kila mmoja na taasisi anayoiwakilisha. Ajenda ni Kielelezo A, orodha ya mahudhurio Kielelezo B, na kila karatasi inayoletwa baada ya hapo hupewa herufi yake. Kisha yanakuja mazungumzo, karibu neno kwa neno, jina la msemaji likitangulia maneno yake. Hoja ya kupitisha mswada huandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na aliyeitoa, aliyeiunga mkono, na aliyepiga kura ya hapana. Mwishoni hukaa jina la katibu aliyeandika na la mwenyekiti aliyeidhinisha.

Ukisoma karatasi hizo zikiwa zimekamilika unadhani zimejiandika. Lakini fikiria hali ya chumbani. Shahidi mmoja yuko mezani mbele ya kamati. Mwingine anaonekana kwenye skrini kutoka Las Vegas, karibu kilomita 700 kusini. Wa tatu anaanza kuzungumza bila kujitambulisha, na mwenyekiti anamkatiza: tafadhali taja jina lako kwa ajili ya kumbukumbu. Agizo hilo lipo kwa ajili ya katibu. Mbunge anasema "kile kifungu tulichobadilisha jana" na kila aliyemo anaelewa, ila msomaji wa miaka kumi baadaye hataelewa. Tena kuna mtego wa namba: mabaraza yote mawili huanza kuhesabu miswada kutoka moja, hivyo A.B. 40 (mswada wa baraza la chini) na S.B. 40 (wa Seneti) ni miswada miwili tofauti. Herufi moja ikikosewa, msomaji anapelekwa kwenye sheria nyingine kabisa.

Msomaji huyo wa baadaye yupo kweli. Sheria inapokuwa na maneno yenye utata, Mahakama ya Juu ya Nevada hurejea kumbukumbu za kamati kutafuta kilichokusudiwa, na kuzitaja ndani ya hukumu kwa jina la kamati na tarehe ya kikao. Jibu moja la mbunge aliyeleta mswada, kwa swali lililoulizwa saa mbili asubuhi na mjumbe mwenzake, linaweza kuelekeza fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini au miaka ya mfungwa.

Wapo wanaopinga desturi hiyo tangu mzizi. Antonin Scalia, aliyekaa Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia 1986 hadi kifo chake 2016, alisimamia msimamo kwamba jaji asome maandishi ya sheria, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyopigiwa kura na kutiwa saini. Hoja yake ni nzito. Maneno ya mbunge mmoja kamatini hayakupigiwa kura na mtu. Hata hivyo mahakama si msomaji pekee. Nevada imeweka ukomo wa miaka 12 kwa mbunge katika kila baraza, kwa hiyo waliotunga sheria huondoka na kumbukumbu zao kichwani. Mbunge mpya anayetaka kujua kwa nini kifungu fulani kiliwekwa hana wa kumuuliza. Ana karatasi.

Sasa upande wa pili, ambao naona watetezi wa makatibu huuruka haraka mno. Kuandika ni kuchagua. Katibu huondoa "aah" na "yaani", hunyoosha sentensi iliyopinda, na shahidi anaposoma maoni aliyoyaandika nyumbani anaweza kuweka mabano tu kwamba alisoma kutoka kielelezo fulani. Mbunge aliyebabaika mbele ya swali gumu anatoka kwenye karatasi akiwa amejibu vizuri. Mama aliyelia akieleza kifo cha mwanawe anabaki na maneno tu. Machozi hayana pa kuandikwa. Zaidi ya hapo, anayeidhinisha ni mwenyekiti, mwanasiasa wa chama kilicho madarakani katika baraza hilo. Sisemi wanavuruga. Nasema utaratibu unampa nafasi ya mwisho mtu mwenye maslahi katika kilichosemwa, na kasoro hiyo haitibiwi na uaminifu wa katibu.

Kuna pia ucheleweshaji. Saa moja ya sauti yaweza kula saa nne au zaidi za kuandika, na tarehe ya mwisho ya kamati kupitisha miswada inapokaribia, vikao hurundikana. Mwananchi anayehitaji kumbukumbu wakati mswada ungali mbichi anaweza kuzipata umekwisha pita. Kwa mtu huyo rekodi ya video ni bora mara kumi, na asiyelikubali hilo anatetea mazoea.

Lakini tusiiamini mashine kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2020 ulipima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wasemaji Weupe wa Marekani, makosa yalikuwa wastani wa asilimia 19 ya maneno. Kwa Wamarekani Weusi, asilimia 35. Programu zimeboreka tangu hapo. Kinachonisumbua ni mwelekeo: makosa hayakugawanyika sawa. Katika jiji kama Las Vegas, lenye wahamiaji wengi mno, anayesafiri au kujitokeza kwenye skrini kusema neno lake mbele ya kamati ndiye anayeweza kuandikwa vibaya kuliko mwanasheria wa kampuni aliyezoea maikrofoni. Katibu aliyemwona akisimama, aliyemsikia akitaja jina na anayeweza kumfuata mlangoni kuuliza linaandikwaje, anaziba pengo hilo.

Jambo hili si geni kwetu. Nchini Kenya, kamati za Bunge la Taifa huambatisha kumbukumbu za vikao vyake kwenye ripoti, na Katiba katika Ibara ya 118 inataka wananchi washirikishwe. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopingwa, Mahakama ya Rufani iliibatilisha Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikaurudisha uhalali wake Oktoba mwaka huohuo. Sehemu ya ubishi ilikuwa kama maoni ya wananchi yalitendewa haki. Ubishi wa namna hiyo unapofika mahakamani, kilichoandikwa kuhusu wananchi hao ndicho kinachofunguliwa mezani.

Basi mimi ningependelea hivi kwa Nevada. Mashine iandike rasimu ya kwanza usiku uleule, nayo itangazwe ikiwa na alama wazi kwamba ni rasimu. Katibu abaki chumbani, ashughulikie majina, namba za miswada, vielelezo na kura, na aajiriwe kwa masharti yatakayomfanya arudi kikao kijacho, maana ujuzi wa kamati hauokotwi kwa wiki mbili. Kila aya ya kumbukumbu iunganishwe na dakika yake kwenye video. Mwenyekiti aruhusiwe kuomba sahihisho, lakini ombi lake lionekane, neno la zamani likiwa kando ya jipya. Na shahidi aliyesafiri hadi Carson City apewe haki ileile ya kuomba sahihisho, kabla jina la mwenyekiti halijawekwa chini.