Bahasha Iliyoandikwa 8 na 2

Miaka yangu ya mwanzo ya uuguzi hapa Mombasa nilimhudumia mzee mmoja ambaye moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba hata viatu havimwingii. Daktari alimwandikia dawa ya kutoa maji mwilini: kidonge kimoja asubuhi, kingine mchana mapema. Nikachukua kibahasha, nikaandika 8 na 2, nikampa pamoja na maneno mawili matatu ya haraka, maana foleni ilikuwa imefika nje ya mlango.

Mzee akavuka feri kwenda kwake Likoni. Kule akaisoma bahasha kwa saa anayoijua yeye. Kidonge cha kwanza alikimeza saa nane mchana, na cha pili saa mbili usiku, akishaswali isha. Dawa yenyewe ni furosemidi. Huanza kazi ndani ya saa moja tangu imezwe, na nguvu yake hudumu kama saa sita. Basi mzee wa watu akawa haketi kitandani: kila akijilaza, mkojo wamwamsha, na choo kiko uani. Usiku wa nne akateleza. Alirudi kwetu mkono umefungwa leso, mwanawe ameshika ile bahasha.

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, nimefanya ulivyoandika."

Nilikuwa nimefaulu mtihani wa dawa. Ungeniamsha usingizini ningekutajia furosemidi inafanya kazi sehemu gani ya figo. Lakini nilikuwa sijafundishwa, wala sijajifundisha, kwamba saa mbili asubuhi ya mgonjwa wangu ndiyo 8 ya faili, na kwamba nikiandika tarakimu tupu namwachia yeye kubahatisha.

Kwa hiyo vijana waliomaliza kidato cha nne wanaponijia kuuliza wasome nini kabla ya kuingia chuo cha uuguzi, utabibu au ufamasia, huwaambia baiolojia, kemia na hesabu, kisha naongeza Kiswahili. Hapo hunitazama kana kwamba sikulisikia swali. "Kiswahili twakijua, sista."

Wanakijua cha kuongea. Cha kutibia bado. Chukua neno moja, mshipa. Katika kitabu cha mwili, mshipa ni njia ya damu, na wengi hulitumia pia kwa neva. Lakini mzee wa Mji wa Kale akikwambia "mshipa waniuma" huku anaona haya kukutazama, huenda anasema habari ya ngiri au busha, na mwanafunzi asiyelijua hilo atamfunga kipimo cha presha mkononi, amwambie yu sawa, amrudishe nyumbani na ugonjwa wake. Pwani yetu ina matende na mabusha ya kuletwa na mbu tangu zamani, kwa hiyo si neno la kukutana nalo mara moja maishani. Safura nayo ni vivyo hivyo. Kwa wengine ni upungufu wa damu, kwa wengine ni minyoo inayoifyonza hiyo damu, na ili uulize swali la pili lenye maana lazima ujue kwamba hayo mawili hufuatana.

Au ile "kutwa mara tatu" tunayoitamka kila siku dirishani. Kutwa ni kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua. Mama aliyelelewa na Kiswahili chake atampa mtoto amoksilini mara tatu kabla ya magharibi, kisha usiku mzima dawa ipungue mwilini huku bakteria wakipata nafasi. Tunachotaka ni kila baada ya saa nane, basi tuseme: saa kumi na mbili alfajiri, saa nane mchana, saa nne usiku. Ni sentensi moja tu.

Hesabu siirefushi. Mtoto wa kilo 10 akipewa parasitamoli kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 150. Chupa ikiwa na miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 6.25. Mwanafunzi asiyelifikia jibu hilo kwa kalamu na karatasi asiikaribie wodi ya watoto, kwani nukta moja ikihama, dozi huwa mara kumi.

Linaloniuma zaidi ni Ramadhani. Kila mwaka wazee wetu wenye sukari hufunga, wengine kwa ushauri wa daktari, wengine kimya kimya. Mwanafunzi anajua kwamba insulini huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia kwenye seli, na kwamba kuna vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini. Ameyakariri yote. Sasa mkalishe mbele ya bibi anayemeza vidonge hivyo wakati wa daku kama alivyokuwa akivimeza na chai ya asubuhi. Je, ataweza kumwambia kwamba kidonge hakijui kuwa kuna saumu, kwamba kitaendelea kuteremsha sukari hata tumbo likiwa tupu? Kwamba lile jasho la alasiri, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na maneno kupotea mdomoni huenda si njaa ya kawaida? Kwamba mashine ya kupima sukari ikionyesha chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) afungue papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana iadhiniwe? Na bibi lazima atauliza kama kutoboa kidole kunabatilisha saumu. Wanazuoni wengi wanasema hakubatilishi, na muuguzi anayelijua hilo hupata vipimo ambavyo mwenzake hatavipata.

Ujuzi huo wa kumweleza mgonjwa kwa lugha yake nauita msingi, kwa sababu bila huo fiziolojia yote inabaki kichwani mwa muuguzi na haimfikii mwenye kongosho.

Najua jibu la wakufunzi. Vitabu ni vya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, faili ni la Kiingereza. Sipingi, faili lisomwe na kila daktari. Najua pia kwamba ukitoka kisiwani kidogo tu, mgonjwa atakueleza maumivu yake kwa Kigiriama au Kidigo, na kwamba wanafunzi wetu wanatoka kila pembe ya Kenya. Hayo yote yananipa sababu zaidi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "wasemaje kwenu ukiumwa hivi?" atauliza vivyo hivyo Kaloleni na Msambweni.

Ninachotaka ni kidogo. Katika mtihani wa vitendo, mwanafunzi akalishwe mbele ya mtu mzima mwenye bahasha tatu za dawa, amsabahi kwa adabu, amweleze kwa Kiswahili kila dawa ni ya nini, inafanya nini mwilini, inywewe saa ngapi. Kisha mgonjwa aeleze yeye alivyoelewa. Asipoeleza sawasawa, aliyefeli ni mwanafunzi.

Kwa sasa nafanya hivyo mwenyewe barazani kwangu Majengo, Jumamosi baada ya alasiri, na vijana sita wanaosubiri kuitwa vyuoni. Jumamosi hii tunaanza figo. Kila mmoja aje na bahasha ya dawa ya mtu wa nyumbani kwao, na aje ameshamuuliza huwa anaimeza saa ngapi.