Njia za panya

Jamani mimi sio fundi kompyuta. Narudia, sio fundi. Nilichofanya ni kukariri njia za panya tatu nne za kwenye Windows (za panya kwa jina tu maana mausi wenyewe huwagusi) kwa sababu nilichoka kuzunguka, kontrol paneli (pale unapobadilishia mambo ya kompyuta) ipo tangu 1985, ilipofika 2012 na Windows 8 ikaja setingi nyingine pembeni na ile ya zamani haikuondoka, sasa mtu mwenye kichwa kama changu nikitafuta kitu nakuwa kama nimeingia jikoni siku dada mpya wa kazi kapanga vyombo, kijiko kipo ila wapi.

Ndio nikajua kwamba unabonyeza kitufe cha Windows na R, kiboksi kinachomoza chini kushoto, unaandika neno lako unapiga enta, basi umefika. appwiz.cpl unafuta programu, ncpa.cpl mambo ya netiweki, mmsys.cpl sauti. Kosa langu ni moja tu, nilifanya ukweni mbele za watu. Sekunde tano. Baba mkwe akaniangalia kama nimefufua maiti.

Tangu siku hiyo simu hazikatiki. Jumapili kaunganisha laptopu na tivii kwa waya wa HDMI aangalie mpira, alipochomoa sauti ikagoma. Nikajua spika iliyochaguliwa sio yenyewe, ni kufungua lile dirisha la zamani la sauti, unaona spika zote zimejipanga, unachagua. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, haya andika em em es wai es. "Em ipi?" Baba, M ya mama. Tena M ya mama. S ya sabuni, Y ya yai, S ya sabuni, nukta, C ya chai, P ya pilau, L ya limau. Kimyaaa, nasikia tu kidole kimoja kinadonoa kibodi, dakika mbili nzima, nikajiuliza herufi nane mzee anaandika nini huko, wosia?

"Mwanangu, inasema huyo mama haimuoni."

Mzee kaandika yote. Mama mama sabuni yai sabuni. Na baba mkwe humwambii umekosea, unasema "kompyuta nayo baba, haisikii vizuri", unaanza upya taratibu huku vocha yako ndio inayoteketea maana yeye alibipu.

Sauti ikarudi. Sasa maneno kayaandika ukutani karibu na kalenda, na akiwa na wageni anawaambia mkwe wangu ana dawa zake. Na hapo sijagusa lile folda wanaloita GodMode, lenye setingi zaidi ya 200 sehemu moja, mama mkwe ni mzee wa kanisa, akiliona jina hilo kwenye desktopu ya mumewe mimi naitwa kikao.

Jana saa nne usiku simu hiyo. "Mwanangu, ile ya intaneti ni nazi na nini?"

Nazi chai pilau andazi baba, halafu nukta, halafu chai pilau limau. Nataja yote hayo tarehe 27, tumbo langu lina uji.

"Subiri nimtajie mama yako aandike, macho yangu hayaoni."

Nikamsikia anamtajia, nazi, chai, pilau. Halafu sauti ya mama mkwe kutoka mbali: "Pilau la nani saa hizi?"