Kuuza vifaa tiba si kazi ya mdomo

Sikubaliani na wanaowaambia vijana kwamba kazi ya kuuza vifaa tiba inataka maneno matamu. Maneno yatakufikisha ofisi ya ununuzi mara moja. Baada ya hapo hospitali inamtaka mtu anayekijua kifaa chake kwa undani, na atakayepokea simu mashine ikigoma usiku.

Chukua seti ya kuunga mifupa. Kwenye trei kuna pleti, skrubu na zana za kuzifungia, vyote vimepangwa kwa ukubwa. Skrubu ya milimita 3.5 ya mfupa mgumu hutanguliwa na tundu linalotobolewa kwa kekee ya milimita 2.5. Kekee hiyo ikisahauliwa ghalani, au ikiwa butu, daktari anakwama huku mgonjwa yuko kwenye nusukaputi na jeraha liko wazi. Muuzaji makini huikagua trei kabla haijapelekwa kutakaswa, akahesabu kimoja kimoja na kujaza kilichopungua. Siku ya upasuaji, akiruhusiwa kuingia, husimama mbali na meza iliyotakaswa, hagusi kitu, na muuguzi akimuuliza kipi kinafuata anajua bila kufungua kitabu. Hapo ndipo daktari anaanza kumwamini.

Ndiyo maana namheshimu sana Earl Bakken. Mwaka 1949, mjini Minneapolis, Marekani, yeye na shemeji yake Palmer Hermundslie walianza kutengeneza mashine za hospitali zilizoharibika, wakifanyia kazi gereji. Hiyo ndiyo iliyokuwa Medtronic, kampuni ya vifaa tiba. Waliuza pia vifaa vilivyotengenezwa na kampuni nyingine. Katika kuingia na kutoka hospitalini, Bakken akafahamiana na C. Walton Lillehei, daktari wa upasuaji wa moyo. Wakati huo vifaa vya kusukuma mapigo ya moyo vilitegemea umeme wa ukutani, na Oktoba 1957 umeme ulikatika. Lillehei alimwendea Bakken, na baada ya wiki chache tu akapata kifaa kidogo cha betri ambacho mgonjwa angeweza kukivaa. Kwa nini alimwendea yeye? Naamini ni kwa sababu alishamwona akifanya kazi.

Kwa hiyo muuguzi, fundi wa vifaa tiba au mtu wa maabara anayetaka kuingia kwenye mauzo asijione mgeni. Tayari anajua kinachotokea kifaa kikishafika wodini, na hilo ni gumu kufundisha kuliko mbinu za kuuza. Asiye na historia hiyo aombe kuanzia kitengo cha matengenezo au cha kufundisha watumiaji, hata kama mshahara ni mdogo.

Kuhusu pesa, angalia unachouza. Glovu, sindano na katheta, yaani mirija ya kuingizwa mwilini, huisha na kuagizwa tena, hivyo kamisheni huja kidogo kidogo lakini huja. Mashine kubwa ya picha inapita kwenye bajeti, kamati na zabuni, na miezi mingi inaweza kwisha hujaona kitu. Anayeanza bila akiba ataumia huko.

Jambo moja silegezi: kumbukumbu. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake bandia za ASR, kwa sababu wagonjwa wengi mno walihitaji kufanyiwa upasuaji tena. Siku kama hiyo, namba ya toleo, yaani ya kundi ambalo kila kifaa kilitengenezwa nalo, na hospitali kilikokwenda ndizo zinazosaidia kumpata mgonjwa. Muuzaji anayeziacha namba hizo zipotee ili awahi mteja mwingine, mimi nisingempa hata bandeji auze.

Ukiitwa kwenye usaili, nawe uliza: mna mafundi wangapi, na kipuri kinachukua siku ngapi kufika? Wakishindwa kujibu, endelea kutafuta kwingine. Mashine ikizima, mteja atapiga simu yako, si ya mkurugenzi wao.