Msiba wa Komandoo

Ujiji mtu akifa, habari inafika Mwandiga kabla sanda haijakatwa. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto. Nisilolijua ni kwamba habari inakimbia kasi ileile hata kama marehemu ni mtu wa kwenye karatasi, tena karatasi ya daftari la hesabu, iliyochorwa panga na ngao kwa peni.

Chanzo ni ziwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapumue, wazaliane. Samaki walipumua. Wavuvi ndio waliokosa hewa. Kibirizi mitumbwi ilipandishwa mchangani, injini zikafunikwa maturubai, na wanaume waliozoea kukesha majini na taa za dagaa wakabaki wametoa macho usiku wa manane, hawana pa kwenda. Rafiki yangu mmoja, fundi wa injini za boti ambaye mtaa mzima unamwita Komandoo, akahamia mlangoni pa kibanda changu cha kutengeneza simu. Kazi yake ikawa kunihesabia wateja kwa sauti. "Leo wanne tu, kaka." Nikaona huyu nisipomtafutia shughuli atanifunga kibanda kwa mdomo.

Ndipo nikaleta Dungeons & Dragons. Ni mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na kanuni zake za msingi zinapatikana bure mtandaoni, anayetaka anachukua. Sisi tuliuita mchezo wa majoka, yakaisha. Hauhitaji ubao wala karata. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia wenzake mko mahali fulani, mbele yenu kuna pango, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema anachofanya. Penye shaka inarushwa dadu ya pande 20. Dadu zangu zilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, zimefungwa ndani ya soksi.

Tulikuwa tunacheza barazani kwa Mwalimu, mstaafu wa hesabu ambaye hata salamu anaisahihisha. Wengine walikuwa Shangazi anayeuza mawese, dogo mmoja wa bodaboda, na Komandoo. Niliwaambia kila mtu ampe mhusika wake jina la kubuni. Komandoo akagoma. "Jina la nini? Mimi ni Komandoo huku, na huko pangoni ni Komandoo." Nikamwacha. Mtu hana kazi, umnyang'anye na jina?

Malalamiko yalianza usiku uleule. Shangazi alitaka kujua kwa nini watu wanatembea milimani siku nzima bila kula, na hilo soko la kijijini mbona halina bei. Dogo alilalamika kwamba zamu yake ikifika yuko kwa abiria, na akirudi anakuta ameshapigwa. Mwalimu alilalamikia hesabu zangu, na kwa haki kabisa. Kila mmoja anasema papo hapo, joka limesimama na mdomo wazi linasubiri kikao kiishe. Nikachukua boksi la viatu, nikalitoboa juu, nikaandika SANDUKU LA MAONI. Mezani msimulizi akishaamua, mchezo unaendelea. Mwenye kinyongo aandike, tutasoma mwishoni. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimefungua ofisi. "Joka lipewe onyo la maandishi kabla halijashambulia." Huo ulikuwa mwandiko wa Mwalimu. "Msimulizi anawapendelea wanaomletea chai." Huo sikuutambua, lakini karatasi ilinukia mawese.

Hoja ya Komandoo ilikuwa moja tu, na aliiandika kila siku: dadu ina mkono wa mtu. Nikamwambia njia ya kuipima inajulikana. Tukachukua glasi ya maji, tukaimwagia chumvi ya Uvinza na kukoroga, tukaongeza tena, mpaka dadu ikaacha kuzama na kuanza kuelea, imetoa pua juu. Ukiigonga kwa ncha ya kidole inazunguka, halafu inatulia. Ikileta juu namba ileile kila mara, ujue upande mmoja ni mzito. Tuligonga. Ikaja 14, ikaja 3, ikaja 19, ikaja 8. Mwalimu alikuwa anaandika. Shangazi, ambaye chumvi ilikuwa yake, alikuwa anahesabu vijiko. Ilipodhihirika kwamba dadu haina kosa, Komandoo alijiegemeza ukutani akasema, "Basi maji yamehongwa."

Halafu akafa.

Kikanuni, mhusika akiishiwa uhai hafi hapohapo. Anaanguka, na kila zamu yake anarusha dadu: 10 na kuendelea ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, anatulia. Shari tatu, kwaheri. Na ukipata 1 inahesabiwa shari mbili. Komandoo alikuwa ameshakula shari moja, yuko chini miguuni pa joka, na mganga wetu ambaye angemfufua ni mhusika wa Shangazi. Ila Shangazi alikuwa kwenye mazungumzo na joka kuhusu dhahabu. "Ningojeni kidogo, linashuka bei." Komandoo akarusha. Dadu ikazunguka kwenye mkeka, ikagonga birika, ikalala. Moja.

Kabla hata sijafunga kinywa, Dogo alishaandika kwenye karatasi yake: panga la Komandoo, viatu vya Komandoo.

Komandoo aliondoka bila kuaga. Kesho yake kibandani hakunihesabia wateja, na hapo nikajua jambo ni zito. Aliniachia simu yake iliyokufa maiki niitengeneze, akatoa na dukuduku lake. "Kufa sikatai, kaka. Wote tutakufa. Lakini mmegawana viatu vyangu sijapoa! Hata pole?" Na mimi nasema alikuwa na hoja. Kwa niliyoyaona kwenye lile boksi, mtu anayelalamikia dadu ana neno jingine chini ya ulimi, ukibishana naye kanuni mtakesha. Nikamwita Dogo, maana ndiye mhazini wetu wa chai. Nikamwagiza awatangazie wenzetu kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba Jumamosi Komandoo anafanyiwa msiba wa heshima, na kila mchezaji achangie mhusika wake kitu kwa ajili ya marehemu.

Dogo si mtu wa kubuni maneno. Alitafuta kwenye simu tangazo la msiba wa kweli, akabadilisha jina: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mpendwa wetu Komandoo, kilichotokea ghafla usiku. Msiba uko nyumbani kwa Mwalimu. Michango itumwe namba hii." Kisha akalituma kwenye grupu la mtaa.

Jumamosi mchana nafika kwa Mwalimu na soksi yangu ya dadu, nakuta turubai limeshafungwa. Viti vya kukodi vinashushwa. Kina mama wamejifunga kanga, mafiga matatu uani, na sufuria ile ya shughuli kubwa iko juu ya moto. Watu walikuwa wameshampigia Komandoo tangu asubuhi na simu haipatikani, kwa sababu ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa mgongo. Mtaa ukathibitisha.

Mzee mmoja wa msikitini akamsogelea Mwalimu kwa upole. "Mwalimu, pole sana. Mwili uko wapi?"

Mwalimu, ambaye hana WhatsApp na alidhani wageni wote ni wachezaji wapya, akajibu kwa huzuni ya kuigiza, "Mwili hatukuupata, mzee wangu. Umeliwa."

"Innalillahi! Mamba?"

"Mkubwa kuliko mamba."

Nilijaribu kusema. Kila nikifungua mdomo mama mmoja ananikumbatia. "Jikaze baba, ulikuwa rafiki yake." Na vilio vilikuwa vya kweli, sijui nani angevisimamisha.

Mzee akasimama, akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu au anayedaiwa naye ajitokeze. Kimya. Kisha akainuka tajiri mmoja muuza oili na vipuri, mtu asiyesamehe hata shilingi hamsini ya chenji. Alikuwa anajifuta macho kwa leso. "Namdai laki moja na themanini. Nimemsamehe, mbele yenu na mbele ya Mungu."

"Mashahidi mmesikia?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Komandoo alikuwa amerudi kutoka mjini kutengeneza jenereta, akakuta turubai, na kwa kuwa ni jirani mwema alikaa, akatoa elfu mbili ya mchango, na ndiyo kwanza alikuwa anamuuliza aliyekaa pembeni yake ni nani amefariki. Aliyekaa pembeni yake hakumjibu, aliruka ukuta. Kina mama walikimbilia uani, Shangazi akabaki na mwiko mkononi, anamnyooshea. "Usinisogelee! Nilikuwa nakuja kukufufua, joka ndilo lilinichelewesha!" Maneno hayo hayakusaidia kitu mbele ya umma.

Kesi iliishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Tajiri akasema msamaha ule alimpa maiti, na hapa haoni maiti. Komandoo akasema kwenye mchezo wetu kanuni ni moja, ulichotamka umeshatenda, muulizeni msimulizi. Wakanigeukia wote. Nikasema ni kweli kanuni ipo, ila tajiri hakuwa mchezaji. Mwenyekiti akawaza sana, akaamua: deni limesamehewa, na uvuvi ukifunguliwa Komandoo atatengeneza injini mbili za tajiri bila malipo. Wote wawili walinuna, kwa hiyo nadhani alihukumu sawa.

Michango ikarudishwa, jina moja baada ya jingine, Dogo analia na kuhesabu. Mzee wa msikitini peke yake ndiye aliyekataa ya kwake. "Iwekeni tu. Siku yenyewe ikifika nisisumbuliwe tena."

Komandoo aliomba ile orodha. Akaisoma kwa kidole, polepole, juu mpaka chini, kisha akarudi juu tena.

"Kaka," akaniita, "mbona wewe humu sikuoni?"