Mji wa sponji na mvua iliyouhukumu

Tarehe 20 Julai 2021, katika jiji la Zhengzhou nchini China, zilipimwa milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja. Maji yalibomoa ukuta wa karakana ya treni, yakaingia katika handaki la njia namba 5 ya treni za chini ya ardhi, na abiria 14 wakapoteza maisha. Jiji hilo lilikuwa limetenga mabilioni ya yuani ili liwe "mji wa sponji", yaani mji unaoyaacha maji ya mvua yanywewe na udongo, mabwawa na ardhi oevu badala ya kuyasukuma yote kwenye mabomba. Ndiyo maana wengi walihitimisha kwamba suluhisho za asili zilipewa mtihani siku ile zikaanguka.

Hitimisho hilo linaeleweka, lakini limetumia kipimo kisichofaa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo saa ile ilimwaga zaidi ya mita za ujazo 2,000 juu ya kila hekta. Chukua paa lililopandwa nyasi juu ya udongo wa sentimita 10. Theluthi ya udongo huo ikiwa ni nafasi inayoweza kushika maji, paa litameza milimita 33 hivi, tena ikiwa halikulowa tangu jana yake. Milimita nyingine karibu 170 lazima zitafute pa kwenda. Mabomba ya mitaani nayo kwa kawaida husanifiwa kwa mvua inayotarajiwa kurudi kila baada ya miaka michache, na mvua ile haikuwa ya kundi hilo. Bomba likifurika tunasema mvua ilizidi. Bustani ikifurika tunasema wazo lilikuwa bovu.

Kuna takwimu nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Ripoti ya uchunguzi wa serikali kuu ya China, iliyotolewa Januari 2022, ilibaini kwamba katika fedha zilizotumika kwa jina la mji wa sponji huko Zhengzhou, ni asilimia 32 tu zilizokwenda kwenye kazi zinazohusiana na sponji. Karibu asilimia 56 ziliishia kwenye mandhari na mapambo ya kijani. Mtetezi wa suluhisho za asili hushawishika kuishika asilimia 32 kama kinga: kwamba sponji haikushindwa, kwa sababu haikujengwa. Hesabu ya hapo juu haimruhusu kufika mbali hivyo, maana hata asilimia 100 isingeimeza saa ile. Lakini takwimu hiyo inaonyesha udhaifu ambao wakosoaji wenyewe hawaugusi sana, nao ni wepesi wa kughushi. Kitalu cha maua kilichoinuliwa juu ya ukingo wa barabara na bustani ya mvua, yaani ile iliyochimbwa chini ya usawa wa ukingo huohuo ili ipokee maji, hufanana kabisa pichani. Tofauti ni sentimita chache za mwinuko, nazo ndizo zinazoamua kama maji yataingia au yatapita.

Wahandisi wanaoshikilia zege wana hoja nzito. Ujazo wa tangi unajulikana leo na utajulikana mwakani, ilhali udongo hubadilika kwa msimu, hushindiliwa kwa miguu na huzibwa na matope. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji polepole mno, na pale ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso hakuna nafasi ya kuongeza mengine. Ardhi ya katikati ya miji ni ghali. Aidha, bustani ya mvua mara nyingi haina mwenyewe: idara ya maji huiona kuwa bustani, na idara ya bustani huiona kuwa mtaro.

Hata hivyo, hoja hizo hupimwa kwa dhoruba kubwa, wakati sehemu kubwa ya mvua ya mwaka huja kidogo kidogo. Katika miji ambako maji ya mvua na majitaka hupita bomba moja, hata mvua ya wastani inatosha kumwaga uchafu mtoni. Ndiyo sababu mwaka 2011 Philadelphia, nchini Marekani, ilianza mpango wa miaka 25 unaotegemea zaidi bustani za mvua, miti na sakafu zinazopitisha maji kuliko mahandaki mapya. Huko Singapore, mfereji wa zege wenye urefu wa kilomita 2.7 katika hifadhi ya Bishan uligeuzwa kuwa mto unaopindapinda wa takriban kilomita 3. Mvua ikizidi, mto hutanuka hadi kwenye nyasi, nayo nyasi huwa sehemu ya mto kwa muda.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iliyopigwa na mvua ya takriban milimita 150 kwa saa mbili mnamo Julai 2011, haikuchagua upande. Mpango wake wa mwaka uliofuata unaunganisha mabustani yaliyochimbwa yashike maji, barabara zilizoundwa zibebe mafuriko hadi bandarini, na mahandaki pale ambapo juu hapana nafasi. Huo ndio mgawanyo ninaoona una mantiki: udongo ubebe mvua za kila wiki, na zege libaki kwa siku zile chache.

Jambo moja wapenzi wa kijani hulipita haraka. Kingo za mito mijini mara nyingi hukaliwa na maskini, na mto ukisharejeshwa ardhi ya jirani hupanda bei. Gharama ya kuwahamisha watu hao, na mahali pa kuwapeleka, viandikwe ndani ya bajeti ya mradi wenyewe. Na katika mkataba huohuo, badala ya idadi ya miti na mita za mraba za nyasi, iandikwe idadi ya mita za ujazo ambazo eneo litashika, muda litakaotumia kukauka, na jina la idara itakayozoa matope.